Wanaotusikiliza wako pande zote mbili za mpaka

Ukitaka kujua kama watu wanaojadili siasa za dunia wamejiandaa, sikiliza dakika tano za mwanzo. Wasiojiandaa huanza na marais. Putin kasema hivi, Trump kajibu vile, Zelensky kaapa hivi, na saa nzima inakatika marais wakigombana hewani bila msikilizaji kuambiwa nani alipiga kura gani, mkataba umeandikwa nini, meli imepita wapi na gharama ataibeba nani. Waliojiandaa huanza na tukio lenyewe, siku yake na mahali pake, na marais wanakuja baadaye kama bado wanahitajika.

Naendesha podikasti ya habari za kimataifa kwa Kiswahili pamoja na wenzangu wawili hapa Dar es Salaam tangu mwanzoni mwa 2022. Mmoja ni mwalimu wa historia wa sekondari. Mwingine anafanya kazi ya uwakala wa forodha bandarini. Mimi ni mfasiri. Tunarekodi chumbani kwa mwalimu, Magomeni, magodoro yameegemezwa ukutani kuzuia mwangwi na feni imezimwa kwa sababu mvumo wake unaingia kwenye maiki. Ikifika Februari jasho linatudondokea juu ya karatasi. Adhana ikianza tunasimama, ikiisha tunaendelea.

Kazi hii tumeirithi. Nyumba niliyokulia ilikuwa na redio iliyofunguliwa kila jioni, na wakati wa taarifa ya habari hata watoto walinyamaza. BBC ilianza kutangaza kwa Kiswahili mwaka 1957, Deutsche Welle mwaka 1963, na kwa vizazi viwili watangazaji wale walitufundisha dunia kwa Kiswahili safi ambacho mpaka leo natamani kukifikia. Lakini habari ipi itangulie na ipi iachwe, hilo liliamuliwa London na Cologne. Machi 2025 Sauti ya Amerika iliponyamazishwa kwa amri iliyotoka Washington, matangazo yake ya Kiswahili yalikatika pamoja na mengine, na mamilioni ya watu waliokuwa wakiyategemea hawakuwa na pa kulalamika. Ndiyo maana naamini mazungumzo haya lazima tuyafanye wenyewe, tena tuyafanye vizuri.

Tulianza kwa bahati ya ajabu, wiki chache kabla ya Urusi kuivamia Ukraine tarehe 24 Februari 2022. Swali la kwanza zito tuliloletewa na wasikilizaji halikuhusu vifaru wala makombora. Waliuliza: mbona sisi tumekaa kimya? Tarehe 2 Machi Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilikuwa limepiga kura kuitaka Urusi iondoke Ukraine. Nchi 141 zilikubali, 5 zilikataa, 35 zilijizuia. Kwenye ubao wa kura kijani ni ndiyo, nyekundu ni hapana, njano ni kujizuia, na taa ya Tanzania iliwaka njano.

Tulichukua orodha nzima, tukaisoma nchi kwa nchi. Jumuiya ya Afrika Mashariki wakati huo ilikuwa na wanachama sita. Kenya na Rwanda walisema ndiyo. Tanzania, Uganda, Burundi na Sudan Kusini walijizuia. Eritrea, iliyo Pembe ya Afrika, ilikuwa miongoni mwa zile tano zilizokataa. Siku chache kabla ya kura hiyo, balozi wa Kenya Martin Kimani alikuwa amesimama kwenye Baraza la Usalama akieleza kwamba mipaka yetu Waafrika ilichorwa na wakoloni, ikagawa ndugu, na bado tulichagua kuikubali kuliko kumwaga damu tukiifukuzia. Kwa hiyo kulikuwa na Mwafrika Mashariki aliyesema ndiyo kwa sababu ya historia yake, na mwingine aliyejizuia kwa sababu ya historia hiyohiyo. Jambo hilo usingelipata kwenye taarifa yoyote iliyosema tu kwamba "Afrika imegawanyika".

Mwalimu alimleta jirani yake, mzee mstaafu wa serikali. Tukamwamkia shikamoo, akaitikia, akakaa, akakataa kabisa kuvaa hedifoni.

"Wanangu, mnauliza kama kujizuia ni woga," alisema. "Anzeni kuuliza ile siku hatukujizuia ilitugharimu nini."

Akatupeleka Desemba 1965. Ian Smith alikuwa amejitangazia uhuru wa walowezi kule Rhodesia, Zimbabwe ya leo, na Umoja wa Nchi Huru za Afrika ukaazimia kwamba Uingereza isipomng'oa, wanachama wavunje nayo uhusiano wa kibalozi. Siku zilipofika, ni nchi chache tu zilizotimiza ahadi hiyo, na Tanzania ilikuwamo. Mkopo wa pauni milioni 7.5 kutoka London ukapotea. Mwaka huohuo tulikuwa tayari tumekorofishana na Ujerumani Magharibi kwa sababu ya ubalozi wa Ujerumani Mashariki Zanzibar, na Mwalimu Nyerere akaona heri kuukosa msaada wao kuliko kupangiwa rafiki. Mzee alieleza haya yote bila kuinua sauti, kisha akatushangaza: yeye binafsi aliona Tanzania ingepaswa kusema ndiyo ile 2 Machi, kwa kuwa nchi isiyo na jeshi kubwa haina ngao nyingine zaidi ya sheria kwamba mipaka haivunjwi kwa nguvu. Mwenzetu mwalimu alimpinga. Alisema kura ile ilikuwa ya wakubwa wawili wakigombania uaminifu wetu, na kujizuia ndiyo njia ya kubaki na marafiki wote. Mimi nilikuwa upande wa mzee na bado niko. Hatukufikia muafaka, na tulirusha kipindi hivyohivyo.

Barua pepe zilizokuja baada ya hapo zilikuwa tofauti na za mwanzo. Watu waliacha kuuliza "mko upande gani", wakaanza kuuliza Tanzania ilipigaje kura kuhusu Palestina, kuhusu Sahara Magharibi, kuhusu vikwazo dhidi ya Cuba. Orodha ya kura iliwapa kitu cha kushika. Tangu hapo, jambo lolote lililopitia Umoja wa Mataifa hatulijadili bila orodha mezani.

Vita ileile iligusa mfuko haraka. Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA, mamlaka ya Tanzania inayodhibiti nishati na maji, hutangaza bei kikomo za mafuta, na mwaka 2022 petroli ya Dar es Salaam ikavuka shilingi 3,000 kwa lita, hadi serikali ikaingiza ruzuku. Mbolea nayo ikapanda, maana Urusi ni muuzaji mkubwa wa mbolea duniani na urea hutengenezwa kwa gesi. Hayo msikilizaji aliyapokea bila shida. Kilichotuchukua muda zaidi kueleza ni Bahari ya Shamu, na hapo ndipo mwenzetu wa bandarini alipong'ara.

Tarehe 19 Novemba 2023 Wahouthi wa Yemen waliiteka meli iitwayo Galaxy Leader. Mashambulizi yakaongezeka, kampuni kubwa za meli zikaacha kupita mlango wa bahari wa Bab el-Mandeb na mfereji wa Suez, zikazunguka Rasi ya Tumaini Jema kule Afrika Kusini, safari ikaongezeka kwa siku kumi au zaidi kati ya Asia na Ulaya. Kariakoo bei zilipopanda, kila mtu akasema ni Wahouthi. Mwenzetu akachukua karatasi akachora. Kontena la Guangzhou likija Dar linapita mlango wa Malacca, linakatiza Bahari ya Hindi, linafika. Haligusi Bahari ya Shamu hata kidogo. Basi kwa nini nauli yake imepanda?

Alituacha tukae na swali lile, ndipo akajibu. Meli zilizopo duniani ni zilezile. Meli inayokwenda Rotterdam ikichukua muda mrefu zaidi kwenda na kurudi, inachelewa kupatikana kwa mzigo unaofuata, na makontena matupu yanachelewa kurudi China. Nafasi inakuwa adimu kwa wote, pamoja na sisi ambao hatupiti huko. Mfanyabiashara wa Kariakoo hakukosea kuwataja Wahouthi, ila njia ambayo shambulio limemfikia ilikuwa ndefu kuliko alivyodhani. Sijawahi kuona mtu akieleza uchumi wa dunia kwa ufasaha namna ile, na hana cheo chochote cha kualikwa kwenye televisheni.

Katika kipindi hicho tulimpata pia baharia wa Tanga, kwa simu, akiwa bandarini Salalah, Oman. Alieleza jambo ambalo magazeti yalilipita haraka: vyama vya mabaharia na wenye meli walikubaliana kwamba baharia ana haki ya kukataa kupita eneo la hatari, na akikubali analipwa nyongeza. "Haki ipo," alisema, "lakini mkataba wangu unaisha mwezi ujao." Hakuongeza neno. Machi 2024, wakati tunaandaa kipindi cha pili, mabaharia watatu wakauawa kwenye meli ya True Confidence, Wafilipino wawili na Mvietnam mmoja. Siku chache kabla yake ilizama Rubymar, ikiwa na takribani tani 21,000 za mbolea. Tulitaja yote mawili, watu kwanza.

Kuna kazi nyingine isiyosikika hewani, ya kukataa. Kwenye makundi ya WhatsApp video za vita humiminika usiku kucha, na nyingine si za vita hata kidogo. Mchezo wa kompyuta uitwao Arma 3 umetumika tena na tena kama ushahidi wa mapigano ya Ukraine na ya Gaza, mpaka watengenezaji wake wakatoa tamko kuwaeleza watu namna ya kuitambua. Ishara zake ni rahisi ukishazizoea: hakuna nyuso za watu, picha ina giza na mtikisiko wa makusudi, moshi unatoka vilevile kila mlipuko. Video ikiwa ya kweli, tunauliza ni ya lini na ya wapi. Mara nyingi mlipuko wa Beirut wa Agosti 2020 umezungushwa ukipewa jina la mji mwingine. Sheria yetu ni kwamba kisichojulikana tarehe na mahali hakitajwi, hata kama nchi nzima imekwisha kukitazama.

Gaza ndiyo iliyotufundisha namna ya kuzungumza na watu walio kwenye majonzi. Wasikilizaji wetu wa Mombasa, Zanzibar na Muscat walikuwa wakituandikia usiku baada ya usiku. Wakati huohuo Tanzania ilikuwa na msiba wake: vijana wawili waliokwenda Israel kujifunza kilimo waliuawa katika shambulio la tarehe 7 Oktoba 2023. Wapo waliotaka tuzungumzie hao vijana tu, na wapo waliotaka tusiwataje kabisa ili isionekane tunahalalisha mabomu yaliyofuata. Tuliwataja, tukawaombea, na katika kipindi hichohicho tukasema wazi kwamba watoto wanaofukiwa kwenye vifusi hawakutenda kosa lolote. Msikilizaji mmoja wa Lamu alituandikia kwamba kipindi kile alikisikiliza pamoja na baba yake, ambaye kwa kawaida huzima.

Afrika Kusini ilipoishtaki Israel tarehe 29 Desemba 2023, ikabidi tutenganishe mahakama mbili zilizo mji mmoja. Kwa Mkenya, kutaja The Hague ni kutaja kesi za Uhuru Kenyatta na William Ruto, yaani Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, ambayo hushtaki mtu. Kesi ya Afrika Kusini ilikuwa kwenye Mahakama ya Kimataifa ya Haki, ambayo huamua kati ya nchi na nchi, wala haimfungi mtu jela. Tulisoma amri ya tarehe 26 Januari 2024 aya kwa aya. Wengi walikuwa wametangaza kwamba mahakama imeamua kuna mauaji ya kimbari, wengine kwamba imetupilia mbali kesi. Haikuwa lolote kati ya hayo. Mahakama iliamuru hatua za dharura huku kesi kuu ikisubiri, na jaji mmoja kutoka Uganda, Julia Sebutinde, alizipinga hatua zote.

Halafu ikaja Goma.

Hapa maelezo yangu yatakuwa marefu, kwa sababu hii si habari ya ng'ambo kwetu. Tarehe 27 Januari 2025 waasi wa M23 waliingia Goma, mji wa mashariki mwa Kongo. Maji, umeme na intaneti vilikatika. Mtandao uliporudi, simu zetu zilijaa sauti kutoka kwa watu ambao siku zote walikuwa wakituandikia kuhusu Marekani na China. Mama mmoja muuza vitenge alirekodi akiwa amejificha chini ya dirisha: "Hakuna maji, hakuna courant, tuko tu." Nyuma yake alisikika mtoto akiuliza kama wanaweza kutoka.

Kabla ya kurusha sauti ile tulikaa muda mrefu kuliko siku nyingine yoyote. Tuliibadilisha ili asitambulike, tukaondoa jina la mtaa, na tukakata kipande kilichokuwa na kengele ya kanisa, kwa sababu mtu wa Goma angejua ni kanisa gani na hivyo ni mtaa gani. Mtu anapokwambia kinachoendelea nje ya mlango wake, uhai wake uko kwenye kompyuta yako. Nasema haya kwa wote wanaoanzisha vipindi kama chetu: usirushe sauti ya mtu aliye vitani mpaka umesikiliza kila kilicho nyuma yake.

Kipindi kilipotoka, ujumbe wa kwanza ulitoka Kigali. Kijana, dereva wa teksi, alikuwa na hasira na hakuificha. Aliuliza mbona hatukuitaja FDLR, kundi lenye mizizi kwa waliofanya mauaji ya kimbari ya 1994 na ambalo limekuwa Kongo miaka yote hii. Akauliza kama tunajua maana ya kuishi ukijua watu hao wako ng'ambo ya ziwa. Baada yake akaandika mtu wa Bukavu, akitulaumu kwamba tumeogopa kuitaja Rwanda kwa sauti. Bukavu yenyewe ilianguka katikati ya Februari.

Ndipo nilipoelewa kitu ambacho sikuwahi kukisoma popote. Mtangazaji wa Kifaransa mjini Paris akiijadili Goma, wengi wanaomsikiliza wako mbali na Goma. Sisi tukiijadili, anayekimbia anatusikiliza, jirani wa askari aliyevuka mpaka anatusikiliza, na mama wa mwanajeshi wa Tanzania aliyekuwa kwenye kikosi cha SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, kule anatusikiliza pia. Wote wanaelewa kila neno. Huwezi kumsema mtu yeyote kama hayupo chumbani.

Hilo halikutufanya tupooze maneno. Ripoti ya wataalamu wa Umoja wa Mataifa ya Julai 2024 ilikadiria kwamba wanajeshi wa Rwanda 3,000 hadi 4,000 walikuwa mashariki mwa Kongo, na tuliisoma hivyohivyo. Azimio 2773 la Baraza la Usalama, lililopita tarehe 21 Februari 2025 bila kura hata moja ya kupinga, liliitaka Rwanda iache kuisaidia M23 na iondoe majeshi yake. Lilizungumzia pia FDLR, na tulisoma sehemu hiyo bila kuipunguza. Tulieleza mkutano wa EAC na SADC uliofanyika hapahapa Dar es Salaam tarehe 8 Februari, Rais Kagame wa Rwanda akiwa ukumbini na Rais Tshisekedi wa Kongo akishiriki kwa video. Kijana wa Kigali alipewa nafasi ya kusema alichotaka kusema. Hakupewa nafasi ya kusema kwamba ripoti haipo.

Baadaye tulifanya jambo ambalo mwalimu alilipinga mwanzoni. Tuliwaunganisha kwa simu yule kijana wa Kigali na yule mama wa vitenge, sisi tukanyamaza. Kijana alimwamkia, akamwita mama. Alikulia Gisenyi, mji wa Rwanda unaopakana na Goma, na utotoni alikuwa akivuka kizuizi cha mpakani cha Petite Barrière kwenda Goma kununua viatu. Mama akamuuliza duka gani. Akalitaja. Mama akasema analijua, na kwamba sasa limefungwa. Kisha akamuuliza moja kwa moja: "Askari wanaozunguka kwetu wanasema Kinyarwanda. Wewe unasema ni nani?" Kijana alichukua muda. Akajibu kwamba Kinyarwanda kinasemwa na Wakongo pia, jambo ambalo ni kweli, na mama akajibu kwamba anawajua majirani zake. Hakuna aliyekata simu.

Tarehe 27 Juni 2025 mawaziri wa mambo ya nje wa Kongo na Rwanda walisaini mkataba Washington. M23 haikuwa mezani. Yenyewe na serikali ya Kinshasa walisaini tamko lao Doha tarehe 19 Julai. Tulizichapisha nyaraka zote mbili na kuzigawana ili kila mmoja aeleze sehemu yake. Kabla ya kurekodi nilimpigia mama wa Goma kumuuliza angependa tueleze nini. Hakuuliza kuhusu Trump wala madini. Aliuliza benki zitafunguliwa lini, maana za Goma zilifungwa tangu Januari, na kama ndege zitaanza kutua tena.

Tulifungua kipindi kwa maswali yake hayo mawili. Jibu la kwanza lilitoka kwa kijana wa Kigali, aliyetutumia sauti akieleza jinsi watu wa Goma wanavyovuka hadi Gisenyi kutoa hela zao, foleni ilivyo, na wapi mtu anaweza kukatwa zaidi asipouliza kwanza. Mama akaisikiliza, akatutumia ya kwake kumsahihisha mahali pawili, na kipindi kilichofuata tukazirusha zote mbili, moja baada ya nyingine.